Alama Iliyopigwa Msasa

Wapendwa, mmeketi vizuri? Haya. Kabla hatujaisogelea meza ya Bwana leo, naomba niwapeleke mahali ambapo mchungaji hapaswi kuwapeleka watu wake. Nawapeleka kwenye kabati la bastola. Naona wazee wa kanisa wameanza kutazamana. Tulieni, hakuna atakayeumia.

Kulikuwa na bwana mmoja mstaafu. Maisha yake yote alifanya kazi kwenye karakana ya reli, na alipostaafu mikono yake ikagoma kustaafu naye. Wengine wakifika hapo wanafuga kuku wa mayai, wengine wanagombea uenyekiti wa mtaa. Huyu alianza kununua bastola kuukuu za polisi. Msiniulize ni nchi gani. Ni nchi ambayo sheria yake inamruhusu mtu mwenye kibali kununua zile zilizokwisha kuondolewa kazini, baada ya kung'olewa kile chuma kidogo cha ndani kinachopiga risasi. Kwa hiyo kijana uliyekaa pale nyuma, usitoke hapa ukaenda kituoni kuuliza mnada ni lini. Ulichobaki nacho hapo ni chuma na mti, basi.

Lakini jamani, alizipenda! Mnada ukitangazwa alivaa koti lake la kijivu, lile alilofungia ndoa, akaenda nalo. Jioni utamwona anarudi na kitu kimefungwa kwenye gazeti, anatabasamu peke yake njiani mpaka watoto wanamshangaa. Akifika anapitiliza moja kwa moja kwenye kibanda chake cha kazi nyuma ya nyumba. Anatandaza kanga ya mkewe, ambayo hakuiomba, anaifungua ile bastola kipande kimoja kimoja, na kuanza. Chuma anakisugua mpaka kutu ikubali kushindwa, kisha anakipaka dawa ya kukirudishia weusi wake, anafuta, anapaka tena. Mpini wa mti anaupiga msasa mkali, halafu wa kati, halafu ule laini kabisa, na mwisho anaunywesha mafuta. Ikitoka hapo, ukiambiwa kwamba iliwahi kubebwa na askari kwenye jua na mvua, utabisha.

Na alikuwa anaziweka wapi? Kina mama, shikeni mabenchi yenu. Aliziweka kwenye kabati la vyombo vya wageni!

Ndiyo. Vile vikombe vyenye maua ambavyo hata mume wa nyumba hiyo hajawahi kunywea, pamoja na birika lake na sahani zake, vilihamishiwa kwenye sanduku chini ya kitanda. Mkewe alinuna. Alinuna siku nyingi, mboga zikawa hazina chumvi. Halafu siku moja yule bwana akaamka, akakuta chini ya kila bastola pametandikwa kitambaa cheupe kilichofumwa kwa mkono, chenye ua katikati. "Kama hao ndio wageni wako," mkewe akamwambia, "basi wakae kama wageni." Nyie vijana mnaosoma mafunzo ya ndoa, mnatafuta upendo wapi tena?

Sasa siku moja akarudi na bastola mbaya kuliko zote. Kutu mpaka ndani, mpini umeingia jasho la miaka, na chini kabisa kwenye kitako cha mpini, pale kidole cha mwisho kinapoishia, palikuwa na mkato. Si mkwaruzo. Ni mkato wa kitu chenye makali. Kwa mtu kama yule, hiyo ndiyo furaha yenyewe.

"Mama Elirehema!" akaita. "Njoo umwone mgonjwa wangu mpya."

Mkewe akaja na unga mikononi. Akaitazama ile bastola, akapitisha kidole kwenye ule mkato.

"Hapa pamepigwa na nini?"

"Sijui, na haina haja ya kujua. Kesho asubuhi pataondoka."

"Paache, Baba Elirehema. Mengine yote safisha, lakini hapa paache. Pana mwenyewe hapa."

Mumewe akacheka. "Mke wangu, mimi nanunua vitu vilivyochakaa ili viache kuchakaa. Nikianza kuacha hapa na pale, hilo kabati litakuwa la nini? Si nikurudishie vikombe vyako tu?"

"Utakuwa umefanya jambo," akasema mama, akarudi jikoni.

Asubuhi yake akakaa na msasa. Akasugua, akapuliza vumbi, akasugua. Mkato ukaenda. Akazungushia kitako chote kidogo kidogo ili usijue ulikuwa wapi, akatia mafuta, na mpini ukawaka. Akaiweka kabatini juu ya kitambaa chake, katikati kabisa, akasimama mbele ya kioo amefunga mikono kifuani. Aliona raha, na mimi simlaumu. Ni nani kati yetu hajui raha ya kitu kilichonyooka?

Wapendwa, mnakwenda nami? Basi sikilizeni.

Siku zikapita, na siku moja ya Jumamosi, wakati mama anaanika nguo uani, wakaingia wageni wawili. Wa mbele alikuwa mzee mrefu, amenyooka kama bado yuko gwaride, lakini macho yake yalikuwa yameondoka, haoni. Aliyemshika mkono alikuwa mtu mfupi mwenye mvi, mpole, anayetangulia kuangalia kila jiwe ili mwenzake asijikwae.

"Hodi hapa. Nimeambiwa na jamaa wa ghala la silaha kwamba kuna bwana mmoja ndiye anayezinunua bastola kuukuu," akasema yule mzee. "Mimi ni sajenti mstaafu."

"Shikamoo, afande. Ndiye mimi. Karibuni sana, karibuni mketi."

Sajenti akaelekezwa kwenye kochi, akaketi. Yule mwenye mvi akarudi mlangoni akasimama, kofia mkononi.

"Na wewe ndugu, karibu kiti."

"Hapa panatosha, bwana. Asante."

"Usihangaike naye," akasema Sajenti. "Hata kwangu husimama hivyohivyo. Ananipeleka hospitali, ananipeleka kanisani, ananisomea ujumbe wa wanangu kwenye simu. Lakini kukaa kwenye kiti changu, hakai. Chai yangu, hanywi. Hilo ndilo limenileta."

Akaeleza. Zamani, alipokuwa bado kijana na nguvu zake, walitumwa kuwaondoa wachuuzi waliovamia uwanja wa soko. Mambo yakachafuka. Meza zikapinduliwa, watu wakakimbia, na kijana mmoja muuza madafu akaona mali yake yote inakanyagwa. Akamjia Sajenti na lile panga la kupasulia madafu. Sajenti alikuwa amekwisha kuchomoa bastola na kuinyanyua. Panga likashuka. Likapiga chini kidogo tu ya mkono wake, kwenye kitako cha mpini, likanasa hapo.

"Kidole changu kilikuwa kwenye kifyatulio," akasema Sajenti. "Yeye hana kitu tena mkononi, panga limenasa. Nikamwangalia usoni. Alikuwa analia. Nikashindwa."

Yule mwenye mvi mlangoni alikuwa anatazama kofia yake.

Ndiye yeye yule kijana. Alifungwa, naam. Sajenti ndiye aliyekuwa anampelekea sabuni gerezani. Alipotoka, akamtafutia kibarua. Wakawa majirani, wakazika pamoja, wakaoza mabinti pamoja. Na macho ya Sajenti yalipoanza kufifia, huyu ndiye aliyempa mkono. Lakini moyoni mwa huyu mwenye mvi lile panga halikuwahi kunasuka. Alichokumbuka ni kishindo, na jinsi panga lilivyoingia likakataa kutoka. Alikamatwa palepale, hakuona lilikofikia. Kwake yeye lilipasua kila kitu. Na Sajenti hakuweza kumwonyesha, kwa kuwa bastola ni mali ya serikali, jioni inarudi ghalani.

"Nimemwambia mara ngapi kwamba palikuwa padogo? Anasema namfariji. Sasa mimi siku zangu zinakwisha, bwana mkubwa. Nataka atie kidole chake pale, apime mwenyewe, aone palivyo padogo. Halafu aje akae kwangu kama mtu. Namba ya bastola ninayo kichwani, lakini usinisomee namba. Nipe moja moja, nitaijua kwa mkono."

Mnadhani yule bwana alikuwa na hali gani? Alijua ni ipi, tena alijua tangu Sajenti alipotaja kitako cha mpini. Lakini akafungua kabati, akaanza kumpa moja moja kana kwamba hajui.

Sajenti alizipokea kwa mikono miwili. Kila moja aliishika, akaizungusha, halafu kidole gumba kikateremka polepole kwenye mpini mpaka chini kabisa, kikatafuta. Zote laini. "Siyo hii," anasema, anairudisha. "Siyo hii." Ikafika zamu ya ile ya katikati. Akaishika bastola yake mwenyewe, aliyoibeba kiunoni ujana wake wote, aliyoishika siku ile ya soko. Kidole gumba kikateremka. Kikatafuta, kikarudi, kikatafuta tena.

"Siyo hii," akasema. "Inafanana. Lakini siyo."

Yule bwana alitamani sakafu ipasuke. Na mtu aliyebanwa, wapendwa, akili yake hukimbilia wapi? Akasema, "Afande, iko nyingine nimeiacha kibandani. Nisubirini kidogo." Akaichukua ileile, akaifunika kwa kitambaa chake cha ua, akatoka nayo.

Kibandani akaibana kwenye jiliwa, kile chuma cha mezani cha kushikilia kazi. Akachukua tupa, ile yenye meno makali. Akapima kwa jicho. Alikuwa amekwisha kuweka meno ya tupa juu ya mti aliposikia malapa ya mkewe.

"Baba Elirehema, unafanya nini?"

"Namrudishia mzee alama yake."

Mama akasogea, akaangalia tupa ilipowekwa. "Unataka kuchonga mpaka wapi?"

"Mpaka hapa."

"Ule haukufika hapo. Niliugusa. Huo utakuwa mara tatu yake."

"Mama, mzee wa watu haoni! Nikichonga kidogo, kidole kikaukosa, je? Amekuja toka mbali. Lazima auhisi."

Mkewe hakumgombeza. Na alikuwa na haki ya kumgombeza, si ndiyo, kina mama? Alikuwa na haki ya kusema nilikuambia. Aliweka mkono wake wenye maji ya nguo juu ya mkono wa mumewe ulioshika tupa, akasema hivi: "Baba, atakayetia kidole hapo si yule aliyekaa. Ni yule aliyesimama mlangoni."

Tupa ikalala mezani.

Akarudi sebuleni, bastola mkononi bila kitambaa. Hakwenda kwa Sajenti. Alikwenda mlangoni, akasimama mbele ya yule mwenye mvi. Alimpenda yule mtu ghafla, nawaambia ukweli, alimpenda na akaona haya mbele yake.

"Ndugu yangu, nisamehe. Bastola ya afande ni hii. Ameishika sasa hivi akaikataa kwa sababu yangu mimi. Palikuwa na mkato hapa chini. Nikauona ni ubovu, nikaupiga msasa. Nimeuondoa. Hakuna cha kukuonyesha."

Sajenti kwenye kochi akainamisha kichwa. Safari yote ile, na umri wote ule.

Yule mwenye mvi akaitazama bastola. Halafu akauliza swali ambalo hakuna mtu aliyelitegemea.

"Umesema uliupiga nini?"

"Msasa."

"Msasa huu wa karatasi?"

"Huohuo."

"Hukutumia randa?"

"Hapana."

"Hukubadilisha mti? Hukuziba kwa gundi?"

"Sikuziba. Mti ni uleule. Nilisugua tu."

"Ulisugua mpaka lini?"

Yule bwana akaona haya zaidi, maana hapo ndipo kosa lake lilipoonekana lilivyokuwa jepesi. "Nilianza baada ya chai," akasema. "Jua halijawa kali nilikuwa nimekwisha kutia mafuta."

Yule mtu akaipokea bastola. Akaushika mpini wote kwenye kiganja chake, akaubana. Ulikuwa mnene, mzima, haukupungua. Akapapasa chini, akapapasa tena, kama Sajenti alivyofanya, lakini yeye hakuwa anatafuta.

"Asubuhi moja," akasema. "Karatasi ya msasa na asubuhi moja. Na mimi..."

Hakumaliza. Akakishika kiti kilichokuwa karibu, akakaa. Akaweka bastola mapajani, akajifunika uso kwa kofia yake, akalia kama mtu aliyeteremsha mzigo ndipo anajua ulivyokuwa mzito. Mama alikuwa amekwisha kwenda chumbani. Tukasikia sanduku linavutwa kutoka chini ya kitanda. Nasema tukasikia, maana nami nikifika hapa naona kama nilikuwepo. Akarudi na vikombe vyenye maua, akamimina chai.

Na Sajenti asiyeona, aliyekuwa anasikiliza yote hayo kwa masikio tu, akanyoosha shingo. Hakuuliza habari za bastola. Hakuuliza mkato ulikuwa wapi.

Aliuliza, "Amekaa?"

"Amekaa, afande."

"Kwenye kiti?"

"Kwenye kiti, karibu yako hapo."

"Mama," ikatoka sauti nyuma ya kofia, "naomba na sukari kidogo."

Wapendwa wangu. Hebu fikirini kama yule bwana angemaliza kuchonga. Angefanya kwa huruma tupu, na angechonga shimo refu kuliko lile la panga, na yule mtu angetia kidole chake humo akasema moyoni, Nilijua. Nilijua lilikuwa kubwa hivi. Angerudi kusimama mlangoni mpaka anakufa. Kilichomkalisha ni mtu kuja mbele yake mikono mitupu na kusema, nimekosa, hakuna cha kukuonyesha.

Je, nasema dhambi ni ndogo? Hapana, msinielewe vibaya. Panga lilikuwa panga. Hata misumari ya pale msalabani haikuwa midogo, na alama zake Bwana wetu hakuzipiga msasa. Alifufuka nazo. Lakini mnakumbuka siku ile alipoingia mle ndani walimojifungia wanafunzi kwa hofu, wale waliomkimbia? Kabla ya kuwaonyesha mikono alisema nini? Alisema, Amani iwe kwenu. Alama zile hakuja nazo kudai. Alikuja nazo ili waguse, wapime, watulie. Aliyepigwa ndiye mwenye kipimo, na aliyepigwa amekwisha kusema.

Lakini sisi hatuamini. Sisi tunasema ananifariji tu. Tunakuja hapa mwaka hadi mwaka, tunafagia kanisa, tunapanga viti, tunashika wazee mikono, watu wema kabisa, wapole kabisa, na meza ikiandaliwa tunatoka nje kidogo kupokea simu ambayo haikupigwa. Unafikiri sikuoni? Nakuona, na nakupenda. Najua unachokisikia moyoni ni kile kishindo cha panga. Umekipima mwenyewe, gizani, na kila mwaka kinaongezeka kina.

Na nyumbani pia ni hivyohivyo. Kuna mtu ulimkosea akakusamehe, na tangu hapo unamtumikia kama mtumwa, lakini kula naye sahani moja huwezi. Unadhani unamheshimu. Kumbe unamnyima kitu pekee anachokitaka.

Leo meza imeandaliwa. Mkate upo, kikombe kipo. Wewe uliyesimama mlangoni na kofia yako mkononi, viti vipo, tena kimoja kiko karibu naye kabisa. Maana yuko mmoja hapa anayesikiliza nyayo zako tangu ulipoingia, wala haulizi habari za panga. Ananiuliza mimi mchungaji wako, na swali lake ni moja tu, nami sijui nimjibu nini mpaka nikuone.

Anauliza, "Amekaa?"